Mfuko mdogo wa familia unapotuahidi ruzuku, tuombe nini na tujiandae vipi?

Swali: Mimi ni katibu wa kikundi cha wazazi wa watoto wenye ulemavu wilayani Muheza, mkoani Tanga. Tumesajiliwa kama shirika lisilo la kiserikali na tunaendesha kituo kidogo cha mazoezi ya viungo. Mwaka jana walitutembelea mume na mke wastaafu kutoka Marekani ambao wana mfuko wa familia. Sasa wameandika kwamba wangependa kutupatia dola 15,000 tununue viti mwendo, lakini wametutumia fomu ndefu inayodai katiba yetu kwa Kiingereza, taarifa za fedha za miaka 5, na majina kamili ya viongozi pamoja na tarehe zao za kuzaliwa. Baadhi ya wajumbe wanaona kwamba hatuaminiki. Mimi nina jambo jingine linalonisumbua: viti tunavihitaji, lakini tunachokosa zaidi ni mshahara wa mtaalamu wa mazoezi na kodi ya nyumba. Je, mifuko hii huendeshwaje, tunaweza kuwaambia hivyo bila kuwaudhi, na tufanye nini wasije wakatuacha njiani?

Jibu: Bi Katibu, nitaanza na manung'uniko ya wajumbe wako, kwa sababu yasipotulizwa mapema yataingia katika barua zenu na wafadhili watayahisi hata kama hayakuandikwa waziwazi. Fomu mliyotumiwa haikutungwa na mume na mke wale kwa sababu ya kuwashuku. Imetokana na sheria ya kodi ya nchi yao, na kwa kuwa mifuko midogo ya namna hii mara nyingi haina mwajiriwa hata mmoja, huenda na wao wanahangaika na karatasi za upande wao kwa taabu ile ile mnayoipata ninyi.

Familia ya Kimarekani inapotenga mali yake na kuiweka katika mfuko wa hisani hupata nafuu ya kodi, na kwa sababu hiyo serikali huufunga mfuko huo kwa masharti, ambayo mengi yake yalianzia katika sheria ya mwaka 1969. Mfuko ukitoa fedha kwa shirika la hisani linalotambuliwa na mamlaka ya mapato ya huko, mambo huwa mepesi. Ukitaka kutoa kwa shirika la Muheza, ambalo mamlaka hiyo hailijui, una njia mbili. Ya kwanza ni kupata maoni ya maandishi ya mtaalamu wa kodi kwamba shirika lenu, kwa katiba yake na mwenendo wake, linalingana na shirika la hisani la umma la Marekani. Ya pili ni mfuko wenyewe kubeba wajibu wa kusimamia matumizi, yaani kuwachunguza kabla ya kutoa, kusaini nanyi mkataba wa maandishi, kuwataka mzitenge fedha hizo katika hesabu zenu, kupokea taarifa zenu kila mwaka na kuieleza mamlaka ya mapato jinsi fedha zilivyotumika. Mfuko ukiziruka hatua hizo hutozwa kodi ya adhabu ya asilimia 20 ya ruzuku iliyotolewa, na kiongozi wake aliyeidhinisha hali akijua kosa anaweza kutozwa yeye binafsi. Mtu anayekabiliwa na adhabu ya namna hiyo ataomba karatasi hata kwa ndugu yake wa damu.

Ombi la majina na tarehe za kuzaliwa nalo lina sababu yake. Serikali ya Marekani ina orodha za watu na makundi ambayo raia wake hawaruhusiwi kuyapa fedha, na mifuko mingi huyalinganisha majina ya viongozi wa shirika na orodha hizo kabla ya kutuma chochote. Majina ya Kiislamu ya pwani yanafanana sana, na tarehe ya kuzaliwa ndiyo inayomtofautisha mwenyekiti wenu na mtu mwingine wa mbali mwenye jina kama lake. Toeni taarifa hizo, lakini waulizeni zitahifadhiwa wapi na nani ataziona. Hilo ni swali la haki na halina ukali wowote.

Kuhusu taarifa za fedha za miaka 5, hizo kwa kawaida zinaashiria kwamba wamechagua njia ya kwanza, ile ya ulinganifu, kwa sababu mtaalamu wa kodi hutaka kuona kama shirika linaungwa mkono na watu wengi au linategemea mfuko mmoja. Kipimo kinachotumika sana ni kwamba angalau theluthi moja ya mapato yenu itoke kwa umma, serikalini au katika mashirika mengine ya hisani. Ndiyo maana michango midogo ya wazazi, harambee za msikitini na kanisani, na mchango wa halmashauri, hata vikiwa vidogo, viandikwe vyote katika vitabu vyenu kwa tarehe na stakabadhi. Nimeona vikundi vingi vikiacha kuandika fedha za ndani kwa kudhani kwamba wafadhili wa nje hawazijali, na baadaye vikikosa ushahidi kwamba jamii yao wenyewe inavichangia.

Kabla hamjaituma katiba, fungueni kifungu kinachoeleza litakalotokea shirika likivunjwa. Kama hakisemi kitu, au kinasema mali itagawanywa kwa wanachama, mtaalamu wa kodi atasimama hapo hapo. Kifungu kinachotakiwa kinaeleza kwamba baada ya kulipa madeni, mali yote itakayobaki itakabidhiwa kwa shirika jingine lenye malengo ya hisani yanayofanana na yenu, na kwamba hakuna mwanachama atakayejinufaisha nayo. Kama kinahitaji kurekebishwa, itisheni mkutano mkuu kwa utaratibu wa katiba yenyewe, andikeni muhtasari, na mpelekeni Msajili marekebisho hayo. Kazi hii huchukua wiki kadhaa, kwa hiyo ianzeni sasa na muwaeleze wafadhili kwamba mmeianza. Na kama njia zote mbili zitawalemea, wao au ninyi, iko njia nyingine ambayo mifuko midogo huitumia sana: fedha hupitishwa kwa shirika la umma la Marekani linalopeleka ruzuku nje, kama GlobalGiving au tawi la Marekani la King Baudouin Foundation, ambalo hufanya uchunguzi huo kwa niaba yao na kutoza ada. Ada hiyo isiwashtue, ila ulizeni mapema ni kiasi gani na kama inakatwa katika fungu lenu.

Sasa nije kwenye namna mifuko hii inavyofanya kazi, maana hapo ndipo utakapopata ujasiri wa kuzungumza kuhusu mishahara. Watu wa Tanga hawahitaji maelezo marefu, kwa kuwa wakfu wanaujua: nyumba au shamba la minazi limefungwa, haliuzwi, na kodi yake au mavuno yake yanatunza msikiti na kumlipa mwalimu wa madrasa. Mfuko wa familia wa Kimarekani kwa kawaida unafuata mantiki hiyo hiyo, ila badala ya minazi kuna hisa na hati fungani. Tofauti kubwa ni kwamba sheria yao inaulazimisha mfuko kutoa kila mwaka takribani asilimia 5 ya thamani ya wastani ya mali uliyoiwekeza, ukiwa na muda hadi mwisho wa mwaka unaofuata. Usipofanya hivyo hutozwa kodi ya asilimia 30 ya kiasi ambacho ulipaswa kukitoa na hukukitoa. Gharama halali za kuendesha kazi ya hisani nazo huhesabiwa ndani ya asilimia hiyo.

Hesabu hii ina maana kubwa kwenu. Mfuko wenye mali ya dola milioni 2 unatakiwa kutoa kama dola 100,000 kwa mwaka. Kama wanawapa ninyi 15,000, mnapata zaidi ya sehemu moja ya saba ya yote wanayoyatoa, na si rahisi kwao kuongeza mara mbili hata wakiwapenda namna gani. Mfuko wenye milioni 20, kwa upande mwingine, unaweza kuwa unaanza nanyi kwa kiasi kidogo ili uwajue. Huna haja ya kubahatisha ni upi kati ya hiyo miwili, kwa sababu kila mfuko wa familia Marekani hujaza kila mwaka fomu ya kodi iitwayo 990-PF, na fomu hiyo ni ya wazi kwa umma. Inapatikana bure katika tovuti ya ProPublica, chombo cha habari cha Marekani, na ya Candid, shirika linalokusanya taarifa za mashirika ya hisani, kwa kuandika jina la mfuko. Ukurasa wa kwanza unaonyesha thamani ya mali mwishoni mwa mwaka. Mbele yake kuna majina ya wakurugenzi na malipo yao, na mara nyingi utaona jina moja la ukoo likijirudia na sifuri katika safu ya malipo, maana wanajitolea. Karibu na mwisho kuna orodha ya kila shirika lililopewa fedha, kusudi la ruzuku na kiasi chake.

Soma orodha hiyo kwa makini, na usome fomu za miaka 3 au 4 mfululizo. Tazama kama shirika lile lile linarudi mwaka hata mwaka au kama kila mwaka kuna majina mapya. Tazama kama kusudi limeandikwa "uendeshaji wa jumla" au "mradi" fulani. Tazama ruzuku ya kati ni ipi, si ile kubwa kuliko zote. Utakuta pia kisanduku ambacho mfuko hukitia alama kuonyesha kwamba hautoi ila kwa mashirika uliyoyachagua wenyewe na haupokei maombi yasiyoitwa. Mifuko mingi midogo hukitia alama hiyo, na ndiyo sababu kutuma maandiko ya mradi kwa mifuko mia moja msiyoijua ni kupoteza muda na fedha za bando. Ninyi mmekwishavuka mlango huo, kwa kuwa walikuja wenyewe, wakakaa kituoni na kuwaona watoto.

Kuna jambo la kisheria ambalo limewaumiza watu wengi bila wao kulijua. Sheria ya Marekani inakataza mfuko kulipa deni la mtu binafsi aliyeuanzisha, na ahadi rasmi aliyoitoa mtu kwa jina lake huweza kuhesabiwa kuwa deni lake. Kwa hiyo kama mzee yule alisema kituoni, "Mimi nitawapa," msimwombe asaini karatasi ya ahadi kwa jina lake akidhani atailipa kutoka katika mfuko. Barua ya ahadi itoke kwa mfuko, isainiwe kwa niaba ya bodi, na itaje kiasi na miaka. Kwa sababu hiyo hiyo ya kuzuia watu kujinufaisha, msiwape zawadi za thamani na msimwajiri mtoto wao kwa mshahara kutoka katika ruzuku yao, hata kama ni kijana mwema anayetaka kujifunza Kiswahili.

Nimefika kwenye swali lako la msingi, nalo nitalijibu kwa urefu. Ndiyo, waambieni ukweli kuhusu mshahara na kodi ya nyumba, na waambieni kabla hawajasaini. Ninaamini kwa dhati kwamba fedha za mfuko mdogo hufanya kazi kubwa kuliko zote zinapolipia watu na uendeshaji kwa miaka kadhaa, na kwamba mtindo wa kununua vifaa peke yake umeacha stoo nyingi katika nchi hii zikiwa zimejaa vitu vizuri visivyo na mtu wa kuvitumia. Serikali na wafadhili wakubwa wana taratibu zinazowabana kulipia mshahara wa mtu mmoja katika kituo cha vyumba viwili. Familia inayokaa mezani na kuamua kwa kura nne au tano haina kizuizi hicho, isipokuwa ile iliyojiwekea yenyewe, na mara nyingi imejiwekea kwa sababu hakuna aliyewahi kuieleza.

Katika habari ya viti mwendo, hoja yenu ina nguvu ya pekee. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2008 kuhusu viti mwendo katika nchi zenye uwezo mdogo ulitaja hatua 8 za huduma hiyo, zikiwamo kumpima mtoto, kumchagulia kiti, kukirekebisha kiendane na mwili wake, kumfundisha yeye na mzazi wake kukitumia, na kumfuatilia. Kiti kikubwa kuliko mwili kinamfanya mtoto mwenye mtindio wa ubongo akae amepinda siku nzima, na kwa mtoto mwenye mgongo wazi, ambaye hasikii maumivu ya makalio, kinaweza kuleta vidonda vya mgandamizo vinavyohatarisha maisha. Tanzania ina chuo kinachofundisha ujuzi huu, TATCOT, katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, kwa hiyo wataalamu wa kuwauliza wapo. Mfadhili anayewapenda watoto wale atakuelewa ukimwonyesha kwamba kiti bila mtaalamu ni hatari.

Muonyeshe kwa hesabu. Takwimu zifuatazo ni za mfano tu, nawe utaziweka za kwenu. Tuseme dola moja ni shilingi 2,500, kwa hiyo ruzuku yote ni shilingi 37,500,000. Tuseme tena kiti kimoja kinachofaa, mpaka kifike Muheza, ni shilingi 900,000. Fedha zote zikienda kwenye viti mtapata 41, na shilingi 600,000 zitakazobaki hazitatosha kumlipa mtaalamu wa kuwapima watoto hata kwa mwezi mmoja. Sasa tengenezeni bajeti ya pili. Viti 15 ni shilingi 13,500,000. Mtaalamu wa fiziotherapia kwa mshahara wa 700,000, pamoja na mchango wa mwajiri wa NSSF wa asilimia 10, anawagharimu 770,000 kwa mwezi, ambayo kwa mwaka ni 9,240,000. Kodi ya nyumba ya 200,000 kwa mwezi inafika 2,400,000. Kila mtoto akitembelewa nyumbani mara 4 kwa mwaka, na kila safari ya pikipiki na posho ikiwa 40,000, watoto 15 wanahitaji 2,400,000. Matairi, bearingi na fundi wa kuchomelea, 2,000,000. Mhasibu wa siku chache kwa mwezi, 3,000,000 kwa mwaka. Ukaguzi wa hesabu, 2,500,000. Hapo mmefika 35,040,000, na 2,460,000 zinazobaki ni za umeme, mawasiliano, ada za benki, mchango wa mfuko wa fidia kwa wafanyakazi na kuyumba kwa thamani ya shilingi. Wapelekeeni bajeti zote mbili katika karatasi moja, safu kwa safu, na chini yake muandike sentensi mbili: ya kwanza ieleze watoto wangapi watakuwa wamekaa vizuri na salama baada ya mwaka kwa bajeti ya kwanza, ya pili kwa bajeti ya pili.

Angalia kwamba mhasibu na mkaguzi wamo katika bajeti ile waziwazi. Vikundi vingi huwaficha, kwa sababu kuna desturi kwamba gharama za uendeshaji zisizidi asilimia 10, na mashirika hujikuta yakimlipa mhasibu chini ya jina la "semina" au kutomlipa kabisa. Ni desturi mbaya, nayo inaumiza zaidi mashirika madogo, maana gharama ya ukaguzi wa shirika lenye milioni 37 si ndogo mara kumi kuliko ya shirika lenye milioni 370. Mwaka 2020, janga la korona lilipoanza, mamia ya mifuko ya hisani ya Marekani ilitia saini ahadi ya kulegeza masharti ya ruzuku na kuruhusu fedha za miradi zitumike kwa uendeshaji, na mingine haikurudi tena kwenye masharti ya zamani. Katika Afrika Mashariki yenyewe uko mfano wa Segal Family Foundation, mfuko wa familia ya Barry Segal wa New Jersey ulioanzishwa mwaka 2007, ambao ni mkubwa kuliko huu wa kwenu na umejulikana kwa kuyapa mashirika ya wenyeji fedha zisizofungwa na kwa miaka mingi. Ukiwaandikia wafadhili wako unaweza kuutaja, wauone wenyewe, kwa sababu wenye mifuko hujifunza zaidi kwa wenye mifuko wenzao.

Kuhusu lugha ya barua, usiombe radhi na usilalamike. Sema kwa unyoofu jambo kama hili: "Tumefurahishwa na nia yenu ya kuwasaidia watoto wetu wapate viti. Tungependa kila kiti kidumu na kimfae mtoto aliyekusudiwa, na kwa hiyo tunapendekeza sehemu ya fedha imlipe mtaalamu atakayewapima na kuwafuatilia. Tumeambatanisha makisio mawili mlinganishe." Kama wako tayari kutoa zaidi ya mara moja, omba ahadi ya miaka 3 ya dola 15,000 kila mwaka kuliko 45,000 kwa mkupuo. Mtaalamu mzuri haachi kazi yake ya hospitali kwa mkataba wa miezi 12.

Sasa la kuachwa njiani. Hatari hiyo ipo na haifai kufichwa. Mali ya mfuko hupanda na kushuka na soko. Mwaka 2008 hisa za kampuni kubwa za Marekani zilipoteza zaidi ya theluthi ya thamani yake, na mifuko iliyotoa kwa kipimo cha asilimia 5 ilijikuta ina kidogo cha kugawa mwaka uliofuata. Wenye mfuko huzeeka, huugua, hufariki, na watoto wao huwa na mapenzi yao mengine, pengine mazingira au shule za mtaani kwao. Mifuko mingine hupanga tangu mwanzo kutumia mtaji wote na kufungwa. Waulizeni kwa heshima, ikiwezekana kwa mazungumzo ya simu kuliko kwa barua, kama mfuko umekusudiwa kudumu, nani katika familia anaufuatilia baada yao, na kama mnaweza kumwandikia huyo pia. Watu wazima wenye busara hawaudhiki kwa swali hilo. Wengi hufarijika kwamba kuna mtu anayefikiri mbali. Na katika mkataba ombeni kifungu kimoja tu cha kuwalinda: kwamba wakiamua kuacha, watawapa taarifa miezi 12 kabla.

Upande wenu, jiwekeeni mpaka. Ningependa kuona mfuko huu, ukiwa na ruzuku yake yote, usizidi nusu ya mapato yenu ya mwaka kuanzia mwaka wa tatu. Hilo litawasaidia pia katika kile kipimo cha theluthi nilichokitaja. Halmashauri ya wilaya, kampuni zilizo karibu nanyi, wazazi wenyewe na Foundation for Civil Society, inayotoa ruzuku kwa asasi za kiraia nchini, wote ni wa kufuatwa mkiwa bado na fedha mkononi, kwa sababu shirika linaloomba likiwa limebakiwa na mwezi mmoja huomba vibaya na hupewa masharti mabaya.

Msisahau sheria ya kwetu. Kanuni zilizotolewa mwaka 2018 chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 ziliweka sharti kwamba shirika linalopata fedha zinazozidi shilingi milioni 20 liwasilishe mkataba wake Hazina na kwa Msajili ndani ya siku 10 tangu kuusaini. Ruzuku yenu inavuka kiwango hicho. Nendeni kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa wilaya, ambaye ndiye msajili msaidizi, kabla ya kusaini, mumwonyeshe rasimu na awaeleze utaratibu unaotumika sasa. Mhakikishe pia kwamba ada na taarifa zenu za mwaka hazina kiporo, na kwamba mnajua tarehe ya mwisho ya cheti chenu, maana tangu marekebisho ya mwaka 2019 cheti kina ukomo wa miaka 10. Hati hizo hizo ndizo mtakazozituma Marekani, kwa hiyo hamtafanya kazi mara mbili.

Taarifa zenu kwa mfuko ziwe fupi. Kurasa 2 kila baada ya miezi 6 zinatosha: watoto waliohudumiwa, fedha zilizotumika zikilinganishwa na bajeti, na jambo lililokwama pamoja na mnachofanya kulikwamua. Habari mbaya itangulie kuwafikia kutoka kwenu. Kiti kikivunjika au mtaalamu akiacha kazi, waandikieni wiki hiyo hiyo, kwani familia hizi hutoa kwa sababu ya imani waliyonayo kwa watu, na imani hiyo hupungua upesi zaidi kwa ukimya kuliko kwa tatizo lenyewe. Wakitaka picha za watoto, kumbukeni kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazilinda taarifa za watoto na za afya kwa namna ya pekee. Pateni idhini ya mzazi kwa maandishi, msitaje jina kamili wala kijiji pamoja na ugonjwa, na msimpige picha mtoto katika hali ambayo mzazi wake asingependa jirani aione.

Inawezekana, baada ya yote haya, wakajibu kwamba bodi yao imepitisha viti tu na haiwezi kubadilika mwaka huu. Msikatae kwa hasira, na msikubali viti 41. Wajibuni kwamba kwa uwezo mlionao sasa mnaweza kuwapima, kuwakalisha na kuwafuatilia watoto 10, na kwamba mnaomba fedha za viti 10 pamoja na vipuri vyake mwaka huu, kisha muda wa kuzungumza nao kuhusu mshahara kabla bodi yao haijakutana tena. Ulizeni mkutano huo ni wa mwezi gani. Mifuko mingi midogo huamua ruzuku mara moja au mbili kwa mwaka, na mingi hukimbizana na Desemba 31. Mapendekezo yenu, pamoja na taarifa ya watoto 10 wa mwanzo, yawe mikononi mwao miezi 2 kabla ya tarehe watakayowatajia.